Fundi wa Saateni aliyeniundia gurudumu la "mwendo wa milele": mkono safi, siku za ahadi ndo tatizo

Kwa anaetafuta fundi chuma wa kazi za vipimo hapa Unguja, sio wa mageti na magrili tu, soma hii, ni ndefu lakini itakufaa. Kuna karakana moja iko vichochoroni Saateni, haina bango haina jina, ukifika maeneo yale ulizia fundi wa shafti za boti utaoneshwa. Kazi yao khasa ni boti za uvuvi, wanakereza shafti, wananyoosha zilizopinda, wanajazia propela zilizomeguka, na mageti wanafanya pembeni kama kila mtu. Mie niliwapelekea kitu ambacho hawajawahi kuletewa, gurudumu la kujizungusha lenyewe, lile wanaloliita la mwendo wa milele, na nataka nieleze walivonifanyia mana watu wakiulizia mafundi wanapewa namba ya simu tu bila ya maelezo yoyote.

Kwanza mjue kwanini kazi yenyewe ilitaka fundi wa kweli. Mie nasomesha fizikia, tuisheni za jioni, vijana wa fomu thri na fomu foo, na tangu simu zienee haipiti wiki bila ya kijana kunionesha video ya gurudumu lina vyuma vya kubembea pembeni linazunguka lenyewe, halina waya, halina betri, na chini watu kibao wanasifu. Ananiuliza maalim, wewe ulitwambia nishati haiumbwi wala haipotei, inabadilika tu, sasa hichi kinazungushwa na nini? Namwambia kuna mota imefichwa kwenye kitako, au kuna mtu anapuliza upepo pembeni ya kamera, au video imekatwa ikaungwa. Ananitazama tu. Na namuelewa, kwasababu video yake anaiona kwa macho na maneno yangu hayaonekani. Ndo nikaamua tuunde letu.

Lakini hapo pana mtego. Ukiunda gurudumu la mbao za kuokota na beringi za kubahatisha, likasimama baada ya mizunguko mitatu, hujathibitisha chochote, kijana atakwambia maalim umeliunda vibaya, na atakuwa na haki yake kabisa. Linatakiwa liwe zuri kiasi kwamba likisimama pasiwe na wa kulaumiwa, si fundi, si beringi, si kuyumba. Kwahiyo nilikuwa namtafuta fundi aniundie kwa uzuri wa hali ya juu kitu ambacho mie mwenyewe najua hakitofanya kile kinachotarajiwa. Sasa nenda kamuelezee fundi hilo akuelewe.

Karakana ya mwanzo niliyokwenda siitaji, wala mtaa siutaji. Yule bwana hata mchoro hakuutazama vizuri, akasema ah maalim hilo dogo tu, litazunguka, tena tutakufungia na dainamo uwashe taa nyumba nzima, wee lete nusu ya pesa. Nikamwambia sitaki dainamo, nataka liwe limenyooka tu. Akacheka. Nilichopewa ni gurudumu linayumba, shimo la katikati haliko katikati, weldi imevimba kila pembe, na nilipomuonesha akanambia si wewe ulosema halitozunguka milele, sasa unalalamikia nini? Pesa ile mpaka leo sijarudishiwa.

Fundi wa Saateni ni mzee, makamo ya baba yangu, na kofia yake ya kiua haivui hata akiwa kwenye mashine. Aliuchukua mchoro akakaa nao kitambo, akaugeuza juu chini, akaniuliza hapa mkono unaangukia nje, sawa, hapa unakunjika unaingia ndani, sawa, na huu unaopanda huku ananyanyua nani? Nikanyamaza nimsikie. Akasema "Maalim, mie nnavoona hili halendi kokote, uzito unaoshuka ndo huo huo unaotakiwa kupanda. Lakini kazi yako n'takufanyia, na n'takufanyia mpaka likisimama usije ukasema mkono wangu." Nikamwambia mzee wangu hayo ndo maneno niliyokuja kuyatafuta, basi tukapatana bei hapo hapo.

Na hapo hapo kijana wake anaejifunza kazi, alikuwa anapiga msasa pembeni, akadakia, babu litazunguka hilo, mie nimeliona kwenye simu. Mzee akamwambia wewe piga msasa. Basi kazi yote ile ilikwenda na ubishi wa wawili hawa, mmoja haamini na mmoja anaamini, na nakwambieni ubishi ule ulinisaidia mie mteja, mana kijana alikuwa anakaza kila kitu ili lizunguke na mzee anakaza ili asije akalaumiwa.

Niwaeleze kitu chenyewe kwa asiyekijua. Ni gurudumu la kipenyo cha mita moja, rimu ni flati ba imekunjwa duara, pembeni ya rimu mna mikono 8 imefungwa kwa bawaba, kila mkono una uzito nchani. Kuna vizuizi vidogo, upande unaoshuka mkono unaangukia nje unanyooka, uzito unakaa mbali na katikati, na upande unaopanda mkono unajikunja unalalia rimu, uzito unakuwa karibu. Sasa mtu akiangalia anasema uzito wa mbali una nguvu zaidi ya wa karibu, kama vile kwenye pembea mtoto akikaa nchani anamnyanyua mkubwa alokaa katikati, kwahiyo upande mmoja utavuta daima na gurudumu halitosimama. Hesabu hiyo nusu yake ni kweli. Nusu iliyosahauliwa ni kwamba upande ule wa mbali uzito unakuwa mchache, na upande wa karibu unakuwa mwingi. Lisimamishe letu popote uhesabu, utakuta huku mitatu iko mbali na kule mitano iko karibu, ukizidisha kila uzito kwa umbali wake pande mbili zinalingana, likitikisika kidogo linajituliza. Fikra yenyewe ni ya zamani sana, Bhaskara wa India aliandika gurudumu la namna hii lenye zebaki ndani mnamo 1150, na Mfaransa Villard de Honnecourt katika karne ya 13 akachora la nyundo 7 kwenye daftari lake. Mafundi wa miaka yote hiyo hawakuwa wajinga. Ni kitu kinachokushawishi ukikitazama.

Sasa kazi ya mzee. Uzito tulitumia chubwi za risasi, zile za wavuvi, mana risasi ni nzito haichukui nafasi. Mie nilinunua nane zinazofanana nikaona nshamaliza, mzee akazishika moja moja mkononi akasema hizi hazilingani. Akamtuma kijana kwa sonara na pesa ya soda wakapime. Ikarudi karatasi, tofauti ni gramu tano, gramu nane, moja imezidi gramu kumi na kitu. Kijana akapiga tupa, akarudi kwa sonara, akapiga tupa tena, mpaka zote zikawa gramu 200 na sonara kachoka nao. Hilo sikumwambia mie, ni yeye mwenyewe.

Shafti alikereza kutoka kwenye kipande cha shafti ya boti, chuma kisichoshika kutu, akakigusisha kile kisaa chake cha kupimia chenye mshale, akakizungusha taratibu na mshale hausogei. Beringi niliambiwa nikanunue mbili za namba 6203, nikenda maduka ya spea Darajani nikachukua zilizozibwa kwa mpira pande mbili nikijua ndo nzuri kuliko zote. Mzee akazichokoa ule mpira kwa ncha ya bisibisi, akaziosha na mafuta ya taa mpaka grisi yote ikatoka, akazipuliza, akatia tone moja moja la mafuta ya cherehani. Akanambia grisi ni ya gari, gari lina injini ya kuisukuma, hili lako halina kitu, grisi itakula mwendo wote. Halafu akaitia kidole moja akaizungusha karibu na sikio, akanipa na mie. Ile ya pili ilikuwa na mlio mdogo wa mchanga, mie nisingeusikia wallahi kama hakunionesha, akasema rudisha hii. Duka wakanibadilishia bila ya maneno, nashukuru.

Kulisawazisha gurudumu ndo palinifurahisha kuliko kote. Alilifunga kwenye stendi bila ya mikono, akalisukuma kidogo tu kwa kidole, likazunguka likatulia. Akaweka alama ya chaki chini kabisa. Akalisukuma tena, likatulia chaki iko chini pale pale. Maana yake upande ule ni mzito, pengine ni pale weldi ilipounganisha rimu. Akafunga washa moja upande wa juu, akasukuma, chaki ikatulia pembeni. Akaongeza nati ndogo. Akawa anaendelea hivo, huku kaenda kuswali Alasiri karudi kaendelea, mpaka ikawa ukilisukuma linatulia popote, leo chaki juu, mara kushoto, mara chini, halina upande linaoupenda. Kijana wake akawa anacheka kwa raha, akasema babu hili sasa lishakuwa tayari kuzunguka milele, mzee akasema lishakuwa tayari kukuonesha. Ndivo wanavofanya na shafti za boti, shafti isiposawazishwa inatikisa boti zima na kula bushi, na ndo mana nasema kazi ya kipimo kampe mtu anaefanya kazi ya kipimo kila siku.

Ule muda wa kusubiri ndo niliokula maneno ya mtaani. Barazani kwetu tunapokunywa kahawa ilikuwa nikitokea tu wanaanza, maalim Tukuza umeshairudisha mita yao, yaani ile mita ya umeme wa kulipia kabla? Maalim waya wa Fumba, huu unaotuletea umeme kutoka bara, tuukate sasa? Mie sikasiriki, najua yanakotoka. Mtu wa Unguja ukimwambia umeme wa bure huwezi kumlaumu akisikiliza. Tumekaa kiza mwezi mzima 2008, halafu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kiza tena, miezi mitatu, waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni umekufa na hapana mwengine, jenereta zinanguruma mji mzima, maji hayapandi, mwenye friji kaigeuza kabati. Waya mkubwa wa megawati 100 umekuja 2013. Aliyepita hapo ndani ya nafsi yake anatamani kiwepo chuma cha kuweka sebuleni kizunguke chenyewe asimuombe mtu. Hata mie natamani, nani asotamani?

Walikuwepo wa aina mbili pale barazani. Kuna wanaonambia unapoteza pesa, hilo halizunguki, kwanini ujenge kitu unachojua hakizunguki? Na wengine ndo wananikasirikia kwa upande wa pili, wananambia wewe umeshaamua tangu mwanzo kuwa halizunguki, kwahiyo hutoliunda kwa moyo, wazungu wanayo wameyaficha, kampuni za mafuta zinayanunua na kuyafungia. Hao wa pili ndo niliokuwa nawajengea mie. Na kuna mzee mmoja mvuvi mstaafu, hasemi sana, siku moja akasema "Maalim, kitu kisichokula hakifanyi kazi." Basi. Mie nikikaa darasani nawaeleza wanasayansi walioiweka hiyo kanuni ya nishati, Mayer 1842, Joule na kile chombo chake cha kukoroga maji, Helmholtz 1847, saa nzima ubao umejaa, na mzee kamaliza kwa maneno matano.

Siku ya kulijaribu fundi alikuja mwenyewe. Hili nalihesabu kwenye huduma, mana sikumlipa kuja. Tulilipakia kwenye kirikuu tukalipeleka uwanjani tunaposomeshea, vijana wamejaa, na wa barazani wakaja, hata wale walosema napoteza pesa. Stendi ikapimwa na pima maji, tukaiegemeza kwa mawe isitikisike. Nikamwambia kijana wa karakana alianzishe yeye, mana yeye ndo anaeamini, asije akasema mie nimelisukuma kwa inda.

Akalipiga kwa nguvu zake zote. Na hapa nataka mtu aelewe vizuri kilichotokea mana sijakiona kimeelezwa kwenye zile video. Likienda kwa kasi mikono yote 8 inatupwa nje, inabaki imenyooka, haikunjiki huku wala kule, hakuna mlio, linazunguka kimya kabisa zuri hilo linapendeza mpaka unasisimka. Vijana wakaanza kupiga makofi, dakika zinakwenda, limo tu, simu zote ziko juu. Mtu angekata video yake pale angekuwa na ushahidi wa kupeleka dunia nzima. Mie natazama saa. Kasi ikawa inapungua taratibu sana, hujui kama inapungua mpaka ulinganishe, halafu likafika pahala, karibu mizunguko 40 kwa dakika, mkono mmoja ukashindwa kubaki nje. Ta! Ukaanguka kwenye rimu. Halafu wa pili, ta, wa tatu, ta ta ta, lile gurudumu lililokuwa kimya likaanza kugonga, na kila likigonga unaliona kwa macho linapungua, mlio ule na mtikisiko ule ndo mwendo wenyewe unatoka pale. Lilivoanza kugonga halikumaliza hata mizunguko kumi. Likasita, likarudi nyuma kidogo, likabembea, likatulia.

Kimya. Halafu kijana wa karakana akasema, mikono ndo inayoliua.

Mzee wake akasema, basi ifunge. Fikra hii ni yake, haikuwa yangu, na ndo iliyonifanya nikae kuandika haya. Akatoa waya mwembamba mfukoni, wakaifunga mikono yote 8 imenyooka isicheze, gurudumu likawa gurudumu tu la kawaida lina chubwi pembeni, halina ujanja wowote. Likapigwa kwa nguvu ile ile. Lilipofika ile kasi ya mwanzo wa kugonga halikugonga, likaendelea, likaendelea, watu wengine washakaa chini, mmoja kenda dukani karudi, lilikuwa bado linajiburura, limezunguka muda mrefu sana kuliko la mwanzo kisha likasimama na lenyewe, maana upepo upo na beringi hata ioshwe vipi inasugua. Yaani ule ujanja wa mikono ambao ndo unatakiwa ulizungushe milele ndo unaolisimamisha mapema. Nimesomesha msuguano na nishati miaka, na sijawahi kuona darasa limeelewa vile kwa sekunde moja.

Walobisha hawakwisha, sitowadanganya. Kijana wangu mmoja hodari sana, huyo ndo msomaji, akasema maalim mbona Bessler lake lilizunguka? Nikafurahi kwamba kasoma. Johann Bessler wa Ujerumani, 1717, gurudumu lake lilifungiwa kwenye chumba cha ngome karibu na Kassel, mlango ukatiwa muhuri wa mtawala, mwezi Novemba, wakaja kufungua Januari 1718 wakalikuta linazunguka. Hiyo ipo kwenye historia, sikatai. Lakini ndani ya gurudumu alilifunika kwa kitambaa hakuruhusu mtu kuona, na 1721 alipokuja profesa 's Gravesande wa Uholanzi kulichunguza, Bessler akalivunja mwenyewe kwa hasira. Na 1727 mtumishi wake wa kike akaapa kuwa lilikuwa linazungushwa na watu kutoka chumba cha pili. Kuna wanaosema mtumishi yule si wa kuaminiwa, wabishane wao. Nilipomaliza kueleza mzee akauliza, alilivunja mwenyewe? Nikamwambia ndio. Akasema "Fundi gani huyo avunje kazi inayofanya kazi?" Kijana wangu akanyamaza, sio kwamba kakubali, lakini nilimuona anaifikiria.

Taasisi ya sayansi ya Paris 1775 ilitangaza haitopokea tena maombi ya kuchunguza mashine hizi, zimewachosha. Mie naona wao walikuwa na haki kwa wakati wao lakini skuli hatuwezi kufanya hivo, mwanafunzi akija na video usimfungie mlango. Muundie. Na ukimuundia, muundie sawasawa.

Sasa nirudi kwenye karakana, mana haya ni maoni ya huduma na kuna mabaya nataka niyaseme.

Siku za ahadi hazishikiki. Nikiambiwa Jumatatu ni Alkhamisi, nikiambiwa Alkhamisi ni wiki ijayo inshaallah. Sababu ni boti, mvuvi akija na shafti imekatika mzee anaacha kila kitu, anasema huyu asipotoka usiku watoto hawali, na mie siwezi kushindana na hilo, lakini angenambia mapema ningejipanga. Kama kazi yako ina tarehe, harusi au ufunguzi wa duka, mpe tarehe ya uongo iliyo kabla. Pili, kijana alipaka redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nzuri lakini akapaka mpaka ndani ya bawaba, mikono minne ikawa mizito kukunjika. Nilivosema walikwangua zote siku ile ile na kutia mafuta, hawakutaka pesa, lakini ilikuwa lazima niseme mie. Wewe ukenda kagua bawaba na nati kabla hujalipa mwisho. Tatu, risiti hawana, anaandika kwenye daftari lake la mkono, na ukitaka cha kukurudishia pesa ofisini itabidi mwende mkapatane. Na pahala penyewe pachafu pana moshi wa weldi, mwenye kifua asikae ndani asubiri nje.

Bei nililipa laki na themanini kwa chuma na kazi, beringi na chubwi nilinunua mwenyewe, sonara wakamlipa wao. Ile karakana ya mwanzo ilinitajia bei ya chini kuliko hiyo, na mshasikia nilichopata. Kwa mkono ule mie naona ni rahisi, mana kuna masaa mengi ya kusawazisha ambayo hakuyahesabu, nilipomuuliza akasema hayo nilikuwa najifurahisha. Mwanzo anataka nusu, haombi zaidi katikati ya kazi, hilo namshuhudia.

Nawashauri khasa walimu wenzangu wa sayansi, wa Skuli za Unguja na hata Pemba, chombo kama hichi kinaweza kuzunguka skuli moja hadi nyengine kwenye gari, kimefunguliwa rimu upande, stendi upande, inafungwa kwa nati nne tu. Letu nshaliazimisha mara kadhaa na halijapinda. Mtu akitaka kuunda lake mchoro nampa bure, vipimo vyote vimo.

Nimeshampelekea kazi nyengine. Simon Stevin wa Flanders 1586 alichora mnyororo wa mipira umevikwa juu ya pembetatu, upande mmoja mrefu una mipira mingi na mwengine mfupi una michache, wote wakidhani upande wa mingi utavuta, na yeye akaonesha hautovuta na akapata humo kanuni nzima ya mteremko. Nataka ule mnyororo wa chuma, na pembetatu ya mbao ngumu iliyopigwa randa mpaka inateleza. Mzee kaangalia mchoro akasema hili nalo halendi kokote, kijana wake akasema safari hii babu litakwenda, na nusu ya pesa nshatoa. Nimeambiwa Jumatano. Mukitaka kwenda kwao nendeni asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo boti zinarudi na foleni ya wavuvi inakuwa kubwa, Ijumaa baada ya swala msiende wamefunga, na mchukue pesa mkononi.